Viti vya Upande wa Pili

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi na mbili, treni ilipita chini ya shamba la Sayoko. Ilikuwa treni ya behewa moja. Sayoko aliacha jembe, akanyoosha mgongo, akaipungia mkono. Dereva naye aliinua glavu yake nyeupe. Kisha treni ilipotea nyuma ya kilima, ikielekea mji wa Asamine, na Sayoko akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kijiji kizima cha Kurimori kiliipenda treni ile. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi watu walifagia kituo. Walipanda maua kando ya reli. Walinunua tiketi za ukumbusho, wakazitia kwenye fremu na kuzitundika ukutani. Kitu kimoja tu hawakukifanya. Hawakuipanda.

Kwenda Asamine walikwenda kwa magari. Tatsuo, mume wa Sayoko, alikuwa na pikapu ndogo nyeupe. Alikuwa na miaka sabini na nane, na macho yake yalikuwa yanaugua presha ya macho. Daktari alimwambia aache kuendesha. Hakuacha, wala hakumwambia mtu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hicho kilikaribia kuwa cha mtoto wa watu.

Ilikuwa mwezi wa Machi, asubuhi ya ukungu. Tatsuo alikuwa anaendesha, Sayoko yuko kando yake.

"Baba Yasu, simama! Simama!" Sayoko alimpigia mumewe kelele.

Tatsuo alikanyaga breki. Mbele yao alipita msichana mdogo wa darasa la kwanza, kofia ya njano kichwani, mkono ameuinua juu kama walivyofundishwa shuleni. Alivuka, akageuka, akawainamia kwa shukrani, akaenda zake.

Sayoko alimgeukia mumewe. "Umemwona yule mtoto?"

"Mtoto gani?" Tatsuo akauliza.

Sayoko aliushika mlango wa gari. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Jioni, wakila wali na samaki, alipiga moyo konde. "Baba Yasu, irudishe leseni polisi. Nakuomba."

"Na hospitali nitakwendaje? Utanibeba mgongoni?"

"Treni ipo."

"Treni ni ya wanafunzi," Tatsuo alisema. "Behewa lenyewe moja. Kila siku naliona limejaa vichwa. Nikikaa mimi, mtoto wa watu asimame? Nina aibu zangu, Mama Yasu."

Hata yeye Sayoko aliamini hivyo. Kurimori yote iliamini hivyo. Mtu mzima mwenye adabu hawabanishi wanafunzi.

Wiki ile ile lilikuja tangazo. Abiria wa reli yao watahesabiwa mwaka mzima, kuanzia Aprili. Kwa sasa safari za abiria zilikuwa mia moja na thelathini kwa siku. Zisipofika mia mbili, treni itaondolewa.

Wanakijiji walikutana ukumbini. Mwenyekiti wao, Bwana Morikubo, alisimama akiwa ametulia kabisa.

"Jamani, tusihangaike bure. Japani ni ya kwanza duniani kwa kupanda treni. Nani atathubutu kung'oa reli katika nchi kama hii?"

Watu walipiga makofi. Tatsuo alipiga kuliko wote.

Mwanamke mmoja aliinua mkono. Alikuwa Shiori, jirani yake Sayoko. Alikaa Uswisi miaka kumi na miwili, akipika katika jiko la hospitali. Sasa alikuwa amerudi kumtunza mama yake.

"Bwana mwenyekiti, naomba kuuliza. Ya kwanza kwa hesabu ipi?"

"Kwani hesabu ziko ngapi?"

"Nyingi kidogo. Nyumbani kwako mnakula watu wangapi?"

"Tisa."

"Na kwa shangazi Sayoko wanakula wawili. Gunia lako la mchele linaisha mapema kuliko lake. Je, tuseme watu wa nyumba yako ni walafi?"

Ukumbi ulicheka. Mke wa mwenyekiti akasema, "Wengine tuache, mwanangu. Huyu mmoja ni kweli."

Shiori naye alicheka, kisha akaendelea. "Basi na nchi ni vivyo hivyo. Ukijumlisha kilomita zote ambazo abiria husafiri kwa treni, China inatupita mbali sana. Lakini Wachina ni wengi. Zigawe zile kilomita kwa idadi ya watu, utaona Mjapani mmoja husafiri kwa treni zaidi ya Mchina mmoja. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha nchi na nchi, kwanza gawa kwa vinywa."

"Kumbe tuko wa kwanza!" Morikubo alisema.

"Subiri, bwana mwenyekiti. Mwanafunzi wetu huenda Asamine na kurudi. Kwa mwezi ana safari arobaini, lakini kilomita zake hazifiki mia sita. Mfanyabiashara wa mjini ana safari moja tu kwa mwezi, ya kilomita elfu moja. Nani anatumia treni zaidi?"

"Mwanafunzi!" walisema wengine.

"Huyo wa mbali!" walisema wengine.

"Wote mmepata. Ndiyo maana ukisikia nchi fulani ni ya kwanza, uliza: kwa safari au kwa kilomita? Kwa safari, sisi tuko mbele kabisa. Kwa kilomita za kila mtu, Waswisi nao wamo. Kila mmoja wao husafiri zaidi ya kilomita elfu mbili kwa mwaka. Na wingi wa reli si wingi wa abiria. Marekani ina reli ndefu kuliko nchi yoyote, lakini hubeba mizigo zaidi kuliko watu."

Tatsuo alikunja mikono. "Yote mazuri, Shiori. Lakini sisi na Waswisi wapi na wapi?"

"Hapo ndipo penye kidonda, mjomba. Zile safari za Japani anazisafiri nani? Watu wa Tokyo na Osaka. Wanabanana asubuhi mpaka miwani inapinda. Wastani unachukua shibe yao na njaa yetu, unavichanganya katika sufuria moja. Ukichungulia bakuli la Kurimori, ni tupu. Uswisi niliishi kijiji cha milimani, kidogo kama hiki. Mfuga ng'ombe alipanda treni. Bibi wa miaka themanini alipanda, na mbwa wake. Sisemi tufanane nao. Wao wana treni kila saa, na basi linaisubiri kituoni. Sisi tunazo sita kwa siku. Lakini hizo sita nani anazipanda?"

"Wanafunzi," Tatsuo alisema. "Na wanazijaza. Sisi tunawaachia nafasi."

Watu wote walitikisa vichwa kukubali.

"Mjomba, mara ya mwisho kuingia humo ndani ni lini?"

Tatsuo alifikiri. "Harusi ya mwanangu Yasuhiro."

"Yasuhiro ana watoto wangapi sasa?"

"Watatu. Mkubwa yuko chuo."

Kicheko kilisikika hadi barabarani. Lakini Sayoko hakucheka. Alitoka mkutanini akiwa na swali moja moyoni: je, ndani ya lile behewa kuna nini hasa?

Katikati ya Aprili, shule zilipofunguliwa, alivaa koti lake zuri akaenda kituoni peke yake. Treni ilifika. Kutoka nje aliona madirisha yamejaa vichwa, kama siku zote. Alikaribia kurudi nyumbani. Mlango ulifunguka, akaingia akiwa ameinamisha kichwa, tayari kuomba radhi.

Alipoinua macho alibaki ameduwaa. Wanafunzi wote walikuwa wamekaa upande mmoja, ule wa kijijini. Upande wa pili viti vilikuwa vitupu. Alivihesabu. Viti ishirini na tano, na hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Wanangu," alisema, "mbona mmekaa huku wote?"

"Huku kuna jua, bibi," msichana mmoja alijibu. "Kule baridi. Karibu ukae!"

Sayoko alikaa kule kwenye baridi. Alijisikia mjinga, na uchungu ulimpanda. Miaka yote wamesimama mashambani wakiona upande mmoja wa treni. Waliwaachia watoto nafasi ambazo watoto hawakuzihitaji. Na wale wenye kuhesabu hawaandiki adabu. Wanaandika vichwa.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Shiori. "Treni nusu tupu! Adabu yetu imetuponza!"

Shiori alichukua karatasi na penseli. "Shangazi, tazama. Zinakosekana safari sabini kwa siku. Kwa wiki ni mia nne na tisini. Mtu mmoja akienda na kurudi ni safari mbili. Kwa hiyo tunahitaji watu mia mbili na hamsini, kila mmoja aende Asamine mara moja tu kwa wiki."

"Vijiji vya reli hii vina watu wazima elfu moja," Sayoko alisema.

"Basi mmoja kati ya wanne anatosha. Lakini kila wiki, shangazi, mwaka mzima. Tukipanda kwa mbwembwe mwezi mmoja halafu tuchoke, hesabu itatuumbua."

Sayoko alipita nyumba kwa nyumba. Hakuwaambia watu waiokoe treni, maana kuiokoa walishasema sana. Aliwauliza, "Wiki hii unakwenda Asamine kufanya nini?" Mmoja alikwenda kwa kinyozi, mwingine benki, mwingine kwenye bafu la maji ya moto. "Basi twende na ya saa moja na dakika kumi na mbili, turudi na ya saa saba." Wengi walisitasita kwa kuwaonea haya wanafunzi. Aliwaambia, "Njoo utazame upande wa pili. Ukikuta umejaa, nakulipia nauli."

Hakumlipia mtu.

Mgumu alikuwa wa nyumbani kwake. Tatsuo alikataa katakata. Jumatano moja, siku ya Tatsuo kwenda hospitali, Sayoko alivaa viatu. "Mimi natangulia kwa treni. Na kwenye gari lako siingii tena."

Tatsuo alimfuata hadi kituoni akinung'unika. Treni ilisimama. Sayoko akapanda. Tatsuo akaweka mguu mmoja mlangoni, mwingine ukabaki chini.

"Mama Yasu, shuka. Nani ataniangalizia njia?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Sayoko alimtazama mumewe usoni, akaona hofu iliyokuwa imefichwa nyuma ya ukaidi ule.

"Kumbe unajua," alisema kwa upole.

"Naona katikati tu," Tatsuo alinong'ona. "Pembeni ni giza. Barabara naifuata kwa kuikumbuka."

Dereva alitoa kichwa dirishani, akavua kofia. "Samahani sana, mzee. Zimebaki sekunde kumi."

Tatsuo alishtuka. Kumbanisha mwanafunzi ni aibu. Lakini kuchelewesha treni, watu wote humo ndani wakikungoja wewe? Hiyo ni aibu ya kukufuata hadi kaburini. Aliruka ndani kama kijana. Wanafunzi walipiga makofi. Alikaa upande wa pili, uso umemwiva, akajifanya anatazama milima.

Siku ile alikwenda hospitali bila kuendesha. Wiki iliyofuata akaenda tena. Mwezi wa Juni alikuwa yeye ndiye anayewahimiza wenzake, na kuwakaripia waliochelewa kufika kituoni. Majira ya theluji magari yalipokwama, treni ilipita, na hata mwenyekiti Morikubo alionekana humo na mkewe, wakigombania kiti cha dirishani.

Mwaka ulikwisha. Hesabu ikaja: safari mia mbili na saba kwa siku. Hazikuwa nyingi. Wenzao wa Tokyo wangecheka. Lakini treni iliruhusiwa kuendelea kwa miaka mitano mingine, na baada ya hapo itahesabiwa tena. Shiori aliwakumbusha wasibweteke.

Mwezi wa Mei, Tatsuo na Sayoko waliingia kituo cha polisi cha Asamine. Tatsuo alitoa leseni, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akainama. Askari wa kike aliipokea naye akainama.

"Asante kwa kuendesha kwa miaka yote hiyo, mzee," alisema. Kisha akauliza kwa wasiwasi, "Lakini utarudije nyumbani? Wazee wengi huja hapa wakiendesha wenyewe, halafu wanakosa wa kuwarudisha."

"Usijali, binti," Tatsuo alijibu. "Gari niliuza. Siku hizi nina dereva, anavaa glavu nyeupe."

Walirudi na treni ya saa saba. Kwa miaka mitatu Sayoko alikuwa amekaa kiti cha mbele cha pikapu akitumia macho yake kwa ajili ya watu wawili. Kila kona alishika mlango. Kila mtoto kando ya barabara alimshtua moyo. Hakumwambia mtu jinsi ilivyomchosha, na hata walipoanza kupanda treni, hofu haikumwacha maadamu leseni ilikuwa bado mfukoni mwa mumewe. Sasa treni iliondoka taratibu, yeye kando ya mumewe, na mbele yao hapakuwa na barabara ya kuchunga.

Kabla ya kituo cha pili, Sayoko alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa begani mwa Tatsuo. Tatsuo hakutikisika mpaka Kurimori.