Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Kitanda cha chumba cha nyuma kilikuwa na joto. Latifa alikitandika mwenyewe asubuhi, akaikaza shuka vizuri, na sasa alasiri aliona bonde la mwili katikati yake, kama la mtu aliyeondoka punde. Hoteli nzima haikuwa na mgeni.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Kolwezi. Wazungu waliokuwa wakilala mle walikimbia, na mwenye hoteli, Tata Kalombo, akahamia Lubumbashi na kumwachia Latifa funguo mpaka biashara irudi. Alikubali kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mumewe Swedi, dereva wa lori, alifia kwenye njia ya Fungurume siku za vita, na wakwe wakaichukua nyumba.

Alikung'uta shuka, akafunga mlango. Kesho yake ikawa vilevile. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa mvua, ilhali kiangazi kilikuwa kimekausha hata majani ya uani. Kisha kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu anayetaka ijulikane kuwa yupo. Latifa alijifungia jikoni akisoma Kulhuwallah mpaka ulimi ukamkauka.

Lakini woga nao huchoka. Majuma yalipita bila mtu kumtamkia neno, na alasiri moja kikohozi kiliposikika, alijikuta akisema, "Jambo, tata."

"Jambo, mama," sauti ikajibu nyuma ya mlango. "Ulilala muzuri?"

Tangu Swedi afe, hakuna aliyemuuliza hivyo. Latifa alikaa chini sakafuni, akalia kwanza, ndipo akajibu.

Tangu hapo walizungumza kila siku. Alimweleza habari za Swedi, za watoto ambao hawakuwazaa. Alipika bukari, yaani ugali, ya watu wawili, akaacha sahani mlangoni. Ilipoa bila kuguswa, na Latifa ndiye aliyekonda. Mdogo wake Amisa, aliyeolewa huko Mutoshi, alipokuja kumtazama, sauti ilimnong'oneza asifungue, maana amekuja kumtoa mle. Latifa alisimama kimya, mkono juu ya kitasa, mpaka Amisa akachoka kugonga.

Amisa alirudi na Mwalimu Asani, mganga wa kitabu, wakavunja kufuli la mlango wa mbele. Mwalimu alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkwama, lakini ile harufu ya udongo ilizidi tu. Akamgeukia Latifa, jasho likimtiririka.

"Hakuingia na nguvu, mama. Ulimuitikia. Weye mwenyewe njo utamufukuza."

Latifa akasogea mlangoni pa chumba cha nyuma, na ubaridi ukampanda kutoka nyayo mpaka mapajani, na nyuma ya ubao akasikia pumzi ikienda sambamba na yake, ikitulia alipotulia, na ile sauti, ambayo yeye peke yake ndiye aliyeisikia, ikamuuliza polepole, bila hasira, "Nikienda, nani atakuuliza kama ulilala muzuri?"

Alimtazama Amisa. Amisa alikuwa bado ameshika pindo la kitenge cha dada yake.

"Toka," Latifa akasema. "Mi sikutaki tena."

Mlango ukafunguka wenyewe. Upepo wenye unyevu ukawapita, ukashuka ngazi, ukatokomea barabarani. Mwalimu alikunja msala wake, akasema kumekwisha.

Latifa alibaki akiitazama barabara tupu. "Na yeye," akauliza, "sasa ataenda kulala wapi?"

Mwalimu alimwambia Amisa amshike dada yake mkono mpaka wafike Mutoshi, na asimwache ageuke nyuma.