Sahihi Ndani ya Plastiki

Ndugu zangu mnaoishi huku ugenini, nisikilizeni, na msinicheke, maana katika jambo hili mkono wangu umo.

Ilikuwa Jumamosi tulivu ya mwaka 2011, hapa mtaani kwetu Mount Dennis. Katunge alikuwa akipika chapati. Mumewe, Nyakundi, aliketi mezani na kioo cha kukuza, akiangalia kadi yenye picha ya kipa wa zamani wa hoki ya barafuni, iliyotiwa sahihi kwa kalamu na kipa mwenyewe. Kadi hiyo moja ilikuwa imemeza akiba yote ya karo ya Katunge, aliyetaka kusomea uuguzi. Nyakundi aliapa kwamba akiiuza, mkewe ataingia chuoni Septemba.

"Baba Moraa, hiki kitu hutunzwa aje?" Katunge aliuliza.

"Wachana nayo, Mama Moraa. Haya mambo huyajui."

Ndivyo alivyomjibu miaka mitano mfululizo. Wikendi nyingi alishinda kwenye maonyesho ya kadi, nyumbani akawa bubu. Hakumwambia hata kwamba Jumatatu angeipeleka kwa mtaalamu wa kuthibitisha sahihi.

Jumapili, Nyakundi akiwa kazini, mtoto wao Moraa alimwaga chai karibu na kadi. Katunge aliingiwa na hofu, akaja mbio kwangu, mimi jirani yao. Mimi ndiye hutengeneza vyeti vya kanisa. Nanyi mnajua tulivyo: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha shule, vyote tunavifunga plastiki visiharibike. Basi nikaipitisha kadi kwenye mashine ya moto. Ikatoka inang'aa, tukafurahi kama wajinga.

"Leo atanishukuru," Katunge alisema.

Nyakundi alipoiona, aliketi chini sakafuni. Kesho yake walikwenda wote wawili kwa yule mtaalamu, wakitumaini. Mzee wa watu aliigeuza kadi mara nyingi.

"Sahihi inaonekana ya kweli," alisema. "Lakini siwezi kuukagua wino kupitia plastiki, na nikiibandua, itatoka na sahihi. Siwezi kuithibitisha. Hakuna mnunuzi atakayeitaka."

"Hakuna njia yoyote?" Nyakundi aliuliza.

"Pole sana. Hakuna."

Njiani alimgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Baba Moraa."

 Septemba ilifika, Katunge akavaa sare yake ya kazi ya usafi, akapanda basi kwenda kupiga deki kama kawaida. Nikikutana naye kituoni, nainamisha uso. Karo ya kumlipia ningeitoa wapi?

FUNZO

Wanaume, na wanawake pia: starehe yako usiinunue kwa masomo ya mwenzako. Na jambo linaloigusa nyumba nzima, ielezeni nyumba nzima, hata mkidhani hawataelewa. Anayekupenda usipomweleza, atakuharibia huku akidhani anakusaidia. Nasi majirani wepesi wa kusaidia, tuulize kwanza mwenye mali. Mimi sikuuliza. Nimeomba msamaha mara nyingi, na Katunge amenisamehe, lakini darasani hajaingia mpaka leo.