Kete za Mpini wa Fagio

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kimepakana na karakana ya seremala. Katikati pana ukuta wa mbao tu. Yeye akipiga chafya kule, mimi namwambia "afya!" huku bila kuinuka kitini. Seremala huyo ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu, na wanaishi nyuma ya karakana hiyohiyo.

Shemeji alikuwa mlevi. Nasema wazi kwa sababu hata mwenyewe anasema wazi. Ufundi alikuwa nao, lakini kitanda cha mteja kilikaa bila miguu mpaka mteja akaja kukichukua hivyohivyo.

Mwaka huu aliacha. Hakukurupuka. Alikuwa akiamka mikono inamtetemeka, kwa hiyo alikwenda kwanza kituo cha afya. Muuguzi alimweleza kwamba mtu aliyezoea kunywa sana akikatisha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Wakampa dawa, wakamwangalia mpaka mwili ukatulia.

Tukashangilia. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe wapi! Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Tatizo lilikuwa jioni. Mchana shemeji alikuwa na randa, msumeno, na wateja wa kubishana nao. Jioni anafagia maranda, anafunga karakana, halafu anasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Hajui pa kwenda. Miaka yote miguu yake ilijua njia ya baa tu.

Na nyumbani alikuwepo dada yangu. Jamani, nampenda dada yangu, lakini alikuwa amegeuka askari. Shemeji akifika tu mlangoni:

"Hebu fungua mdomo."

"Mke wangu, natoka hapo karakana."

"Fungua!"

Anafungua, ananuswa, ndipo anaruhusiwa kukaa. Akiinuka anaulizwa anakwenda wapi, hata kama anakwenda chooni. Watoto nao wanatembea kwa kunyata, kama kuna mgonjwa ndani. Nilikuwa namwonea huruma. Na dada nilimwonea huruma pia.

Siku moja shemeji akaniita kupitia ukuta.

"Shemeji, unajua ninachokikosa? Siyo bia. Ni drafti."

Kule baa alikuwa bingwa wa drafti. Walichora ubao juu ya meza na kutumia vizibo vya bia kama kete. Mpinzani wake mkubwa alikuwa fundi rangi mmoja ambaye wote tunamwita Kingi, kwa jinsi kete zake zinavyopenda kufika mwisho wa ubao na kuingia kingi.

"Nikienda nikanywa soda tu, kuna ubaya gani?" akaniuliza.

"Muulize muuguzi kwanza."

"Muuguzi anajua nini mambo ya drafti?"

Jumamosi akaenda. Yaliyotokea alitusimulia mwenyewe. Aliagiza soda, akacheza vizuri tu. Akamla Kingi kete zote. Watu wakapiga kelele, Kingi akampiga mgongoni kwa furaha, na yeye, katika raha hiyo, akanyoosha mkono akachukua glasi iliyokuwa karibu. Ilipofika mdomoni akasikia harufu. Ilikuwa bia ya Kingi. Akashtuka, ikammwagikia kifuani. Akatoka mbio, soda akaiacha mezani.

Dada alimsikia harufu kabla hajafika mlangoni.

"Sijanywa, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Shati linanuka mpaka barabarani!"

"Nimemwagikiwa."

"Umemwagikiwa! Na baa ilikufuata hapa kukumwagia?"

Dada alikuwa ameapa kwamba shemeji akirudia pombe, yeye anachukua watoto anaondoka. Akaingia ndani, akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kusukumia nguo. Alivuta zipu kwa hasira mpaka ikakatika. Nilipofika nilimkuta shemeji amekaa kizingitini analia.

"Kama naadhibiwa na sijanywa," akasema, "si bora ninywe tu?"

Maneno hayo yaliniogopesha. Nikakimbia mtaa wa pili nyumbani kwa yule muuguzi. Mama wa watu alikuja na kandambili zake, akaketi kizingitini karibu na shemeji.

"Leo umekula saa ngapi?"

"Asubuhi. Chai."

"Basi ulikwenda na njaa. Njaa, uchovu, hasira na upweke, vyote hivyo vinaita pombe. Hamu ikija, inapanda, inakaa kidogo, halafu inashuka yenyewe. Wewe ondoka mahali hapo. Kula kitu, kunywa maji, mpigie simu mtu anayekuelewa. Leo ulikimbia, na hapo nakupongeza. Kosa lilikuwa kwenda."

"Nilitaka drafti tu."

"Drafti haina pombe, baba. Pombe iko baa. Drafti unaweza kuileta hapa."

Kisha akamgeukia dada, aliyesimama mlangoni na begi.

"Na wewe mama, kumnusa hakumzuii. Kunamfundisha kukuficha."

"Naogopa!" dada akasema. "Miaka yote nikisikia mlango, moyo unanidunda. Mpaka leo unadunda."

Shemeji akainua uso. Nadhani hakuwahi kulisikia hilo.

"Basi mwambie hivyo," muuguzi akasema. "Mwambie unaogopa. Na nyote wawili njooni kituoni kwenye kikundi cha walioacha. Hata wake na waume zao wanakuja."

Dada hakuondoka usiku ule. Lakini begi hakulirudisha chini ya kitanda. Lilibaki pembeni mwa mlango na nguo ndani, na kila aliyepita aliliona.

Wiki iliyofuata nikasikia msumeno ukienda taratibu upande wa pili. Nikachungulia. Shemeji alikuwa anakata mpini wa fagio lililovunjika, vipande vyembamba vya duara.

"Kwa nini usitumie vizibo?" nikamuuliza.

"Vizibo vinanirudisha kule."

Nusu ya kete alizipaka vanishi nyeusi. Ubao akautengeneza kwa mabaki ya mlango wa mteja. Jioni akauweka nje kwenye benchi, na birika la chai kando. Hakuja mtu. Akacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na bado akawa anagombana!

Siku ya pili Kingi akatokea, shingo ya chupa inachungulia mfukoni.

"Kingi, chupa hapana," shemeji akamwambia. "Bila chupa, karibu sana."

"Ahaa, umekuwa mchungaji sasa?" Kingi akanuna, akaenda zake. Shemeji akanywa maji, akampigia simu mwenzake wa kile kikundi cha kituoni. Waliongea mpaka hamu ikashuka.

Marafiki wengine hawakuja kabisa, na jambo hilo lilimuuma. Lakini Kingi alirudi, mifuko mitupu.

"Nimekuja kukula kete," akasema, "siyo kunywa hayo maji yako mnayoita chai."

Akamaliza birika zima. Akawa anakuja karibu kila jioni.

Halafu jioni moja dada alitoka nje. Kingi alikuwa hajafika. Shemeji alipomwona mke wake anamkaribia, kwa mazoea tu akafungua mdomo. Mimi huku dirishani nikaacha kukanyaga cherehani.

Dada akamtazama.

"Funga mdomo, nzi wataingia," akasema. "Sogea huko nikae. Hii kete inakwenda wapi?"

Shemeji akamfundisha. Dada akala kete kwa kurudi nyuma, kinyume cha sheria.

"Umeniibia!"

"Nipeleke polisi."

Nikawasikia wanacheka, wote wawili pamoja. Sikukumbuka lini niliwasikia hivyo mara ya mwisho.

Asubuhi dada aliingia kwangu, akaniwekea begi juu ya meza.

"Zipu ilikatika," akasema. "Nibadilishie."

Nikalinyanyua. Lilikuwa jepesi. Nguo zote zilikuwa zimerudi kabatini.

"Unalitaka lini, dada?"

"Siku yoyote," akasema, akielekea mlangoni. "Sina safari."