Chunga Nini?

Waringa hakujua kutulia. Sebule yao katika mtaa wa Kabiria ilikuwa na hatua saba kutoka ukuta hadi ukuta, na kila asubuhi alizipiga hatua hizo mpaka Mwalimu Kaindi, jirani wa chini, akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Zamani Waringa alikimbia hadi Lavington na kurudi kabla ya chai. Kisha presha ya macho ikamwibia macho kidogo kidogo, bila maumivu. Sasa ni miaka miwili haoni. Macho yalizimika, lakini miguu haikuarifiwa.

Kanisa lao lilitangaza mbio za kilomita tano katika mtaa wa Karen. Waringa alijiandikisha siku hiyo hiyo. Mumewe, Mbuthia, fundi wa makochi, alikubali kumwongoza. Alimshika kifundo cha mkono, akatangulia, akamvuta kama mtu anayevusha mtoto barabara. Akiona kitu mbele, alipaza sauti, "Chunga!"

Jumamosi ya kwanza Waringa aligonga bega kwenye mlingoti wa stima. Jumamosi ya pili alijikwaa kwenye tuta, akaanguka kifudifudi. Mbuthia aliogopa sana, na woga wake ukatoka kama hasira.

"Hiyo maneno ya Karen imeisha," alisema. "Sitaki kukuzika."

"Nikikaa kwa hiyo nyumba, utanizika tu," Waringa alijibu.

Walifika kwenye geti la ploti, ua wa nyumba zao za kupanga, wakiwa wamenuniana. Kaindi aliona magoti yanayotoka damu, akaleta maji na sabuni. Miaka mingi alikuwa amefundisha michezo katika shule ya wasioona. Aliuliza walivyokuwa wakikimbia, akasikiliza, kisha akamfunga Mbuthia macho kwa kitambaa. Akamshika mkono, wakaanza kukimbia uani.

"Chunga!" Kaindi alisema.

Mbuthia alisimama ghafla, mikono juu, shingo ndani ya mabega. Mbele yake hapakuwa na kitu.

"Unachunga nini?" Kaindi alimuuliza.

"Sijui. Hujaniambia."

"Na yeye hujawahi kumwambia."

Mbuthia alivua kitambaa. Alimtazama mkewe, akaona aibu.

Kaindi alichomoa kamba ya kiatu chake, akafunga kitanzi kila upande. Kitanzi kimoja akampa Waringa, kingine Mbuthia. Aliwaambia wakimbie bega kwa bega, mikono iende pamoja, na kamba isivutwe. Mbuthia aseme kitu ni nini, kiko wapi, na kimebaki hatua ngapi. Njia ikiwa mbaya, wapunguze mwendo. Na kwenye mstari wa mwisho, mwongozaji abaki nyuma kidogo.

"Mbio ni zake," Kaindi alisema. "Wewe ni macho tu."

Walifanya mazoezi wiki tatu. Mwanzoni Mbuthia alichanganya kushoto na kulia, na Waringa alimsuta mpaka akazoea.

Siku ya Karen ilifika. Waringa hakuwa amelala vizuri, na hata chai ilimshinda. Mbio zilipoanza, watu waliwapita wengi. Hakujali.

"Tuta. Hatua tatu. Mbili. Moja."

Aliruka. Miguu ilitua upande wa pili, salama, na Waringa akacheka kwa nguvu hata waliokuwa mbele wakageuka. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumpunguza mwendo. Mbuthia alihema, jasho likimwingia machoni, lakini maneno yake hayakukatika. Mstari ulipobaki hatua tano, alirudi nyuma nusu hatua. Waringa akavuka kwanza.

Kijana wa kugawa maji alimuuliza Mbuthia ameshika nambari ngapi.

"Mimi niko nyuma ya bibi yangu," Mbuthia alijibu, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Jumatatu asubuhi Kaindi alisikiliza dari. Kimya. Alishika ufagio kwa mazoea, akauweka chini. Kisha kutoka barabarani akasikia sauti mbili zikipita mbio.

"Shimo, upande wa kushoto, hatua nne."

"Nimesikia. Ongeza mwendo, mzee."