Mshale wa Mita ya Maji

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, shangazi yangu huvaa raba zake, huchukua tochi na jalada la buluu, kisha tunakwenda kukagua nyumba. Shangazi ni wakala wa nyumba za kupanga. Wenye nyumba wengi wanaishi mbali, basi yeye huwatafutia wapangaji, huandika mikataba, huita mafundi, na huziangalia nyumba hadi siku mpangaji anapohama. Mimi nilidhani ni kazi ya kutembea na funguo tu.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye nyumba ya bibi mmoja, muuguzi mstaafu aliyehamia kwa binti yake, mji wa mbali. Nyumba ile ndiyo mali yake pekee. Mpangaji wake, mshonaji, alitufungulia mlango akiwa amembeba mwanawe aliyekuwa akikohoa.

"Karibu, dada wakala! Na mkaguzi mkuu naye kaja?" alinitania.

Shangazi akanipa karatasi. "Jikoni ni kwako leo. Fungua kila mlango, chungulia, ndipo uandike."

Nilivimba kichwa. Lakini mbele ya kabati la chini ya sinki palikuwa na ndoo mbili zilizojaa maji, na nikaona uvivu kuzisogeza. Nikaandika: "Sawa."

Shangazi alikuwa chumbani, upande wa pili wa ukuta wenye sinki. Nilimkuta ameweka kiganja ukutani.

"Ukuta huu una baridi," alisema. "Hebu funga mabomba yote."

Nilipomaliza, alinipeleka nje, akafunua kifuniko cha mita ya maji. "Tazama huo mshale mwekundu."

Mabomba yote yalikuwa yamefungwa. Hakuna aliyetumia hata tone. Lakini mshale ulikuwa ukizunguka, taratibu, bila kusimama! Kwa kiganja tu, shangazi alikuwa amejua jambo ambalo mimi sikuliona kwa macho mawili.

"Maji yanakwenda wapi?" aliuliza. "Chini ya sinki umeandika nini?"

Ningeweza kubuni neno. Ndani, mtoto akakohoa tena.

"Shangazi, sikufungua. Nimeandika uongo."

Hakunigombeza. Tulisogeza ndoo, tukafungua. Bomba lilikuwa likivuja, mbao zimeoza, na ukungu mweusi umetambaa ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mtoto.

Mshonaji aliinamisha uso. "Ndoo niliziweka makusudi, dada. Niliogopa kufukuzwa."

"Kwani umelivunja wewe? Bomba limezeeka. Ungeniambia siku ya kwanza, mtoto asingelala kwenye unyevu."

Hapo hapo shangazi akampigia simu muuguzi, akamweleza yote bila kuongeza wala kupunguza. Akamwita fundi bomba. Kitanda kikahamishwa, naye mshonaji akaahidi kumpeleka mtoto zahanati mchana huo huo.

Fundi alipomaliza, shangazi alifunua mita tena. Mshale ulikuwa umetulia tuli. Niliutazama kwa muda mrefu.

"Shuleni mnakariri kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Ni kweli, lakini ufa huzibwa na aliyekubali kuinama akauona. Mwenye nyumba yuko mbali. Macho yake ni mimi, na leo macho yangu yalikuwa wewe. Ukiandika 'sawa' bila kutazama, umemfumba bibi wa watu macho."

Nilichukua kalamu, nikalikata lile neno, nikaandika nilichokiona.