Msichana Mwenye Pengo

Ilikuwa mwaka 2023, majira ya machipuo. Jumamosi moja, katika duka la Waafrika lililofurika watu mtaani Alief, Houston, Theodora, muuguzi mzaliwa wa Bukoba, aliangusha daftari lake kwenye foleni. Alivaa gauni la kitenge cha kijani. Mutuku, Mkenya mrefu mwenye wino vidoleni, aliliokota, akasoma ukurasa mzima bila kuomba ruhusa.

"Kaka, adabu ulifundishwa wapi?"

"Machakos, dada. Lakini mashairi haya ya utoto wako yanadai picha. Niruhusu niyachoree."

"Nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Nihesabie Jumamosi tu."

Kila Jumamosi aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Mansfield alikoishi, akaleta picha moja. Mwezi wa tano akamposa. Theodora aliomba muda, kwani mashaka yalikwisha kumwingia. Kila picha ilikuwa na msichana yuleyule mwenye pengo, kakanyaga mguu wake mmoja kwa mwingine. Nani huchora hivyo mtoto asiyemjua? Tena Mutuku alizoea kutoka nje kupokea simu. Siku moja Theodora alimsikia akinong'ona, "Mama, Theodora asijue. Mtoto niachie mimi."

Kesho yake, kanisani, Theodora alimkabili mbele ya watoto aliowafundisha Kiswahili.

"Mwongo! Unamficha mwanao Mansfield, kisha waja kunichumbia?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Toka!"

Akatoka.

Jumatatu mama yake Theodora alipiga simu kutoka Bukoba.

"Dora, picha zimekamilika?"

"Picha gani, mama?"

"Za Mutuku. Namba yangu alipewa na dada yako. Kila wiki huniuliza ulivyokuwa mdogo: meno, nywele, ulivyosimama. Nilimwambia picha zako zote ziliteketea nyumba ilipoungua. Akasema atakuchora upya, usijue mpaka amalize. Nilidhani amekwisha kumaliza."

Theodora alizitandaza picha mezani, akazitazama mpaka chai ikapoa. Aliusifu utoto wake kwa mashairi ishirini, asiutambue uso wake mwenyewe.

Akampigia Mutuku.

"Njoo Jumapili."

"Nije kufukuzwa tena?"

"Njoo, mpenzi. Nakubali posa yako, lakini kuna deni linalotangulia."

Jumapili, mbele ya watoto walewale, Theodora alipiga magoti. Akasema kwa sauti kubwa kama ile aliyomfukuzia:

"Wanangu, nilimwita mtu huyu mwongo, nanyi mkasikia. Nilimsingizia. Sikieni na hili pia: Mutuku, nisamehe."