Kijiko cha Tatu

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na mgahawa ulio chini ya jengo la bima ulifurika hata sahani zikawa zinapitishwa juu ya vichwa vya watu. Mtangazaji alisimama mlangoni, gauni la zambarau limemkaa vizuri, mkoba begani, akizungusha macho kutafuta kiti. Kilibaki kimoja tu, mbele ya mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi. Akaomba, akakaribishwa, akaketi.

Alikuja kikazi. Kila Ijumaa mchana alikuwa na dakika kumi redioni za kuwaambia wakazi wa jiji wakale wapi, na jiji lilimwamini. Akiisifu supu ya mahali fulani, kesho yake foleni inafika barabarani. Watu wasiomjua walimpigia simu kuuliza wampeleke wapi mama mkwe, au wapi pa kuombana radhi na mke aliyenuna. Jambo ambalo jiji halikulijua ni kwamba mafua mabaya ya miezi mitatu nyuma yalikuwa yameondoka na pua yake. Chumvi aliisikia, ndimu aliisikia, pilipili ilimchoma kama zamani, lakini ile harufu inayoifanya nyama iwe nyama na samaki awe samaki haikuwepo tena. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Aliyeijua siri hiyo ni dada yake peke yake.

Kwa hiyo siku hizi alipoingia mgahawani hakuonja, alitazama walaji. Basi akamtazama huyu wa ovaroli, na mambo yakaanzia hapo.

Mtu yule alijua kula. Namaanisha hivyo hasa, kwa sababu wengi wetu tunajaza tumbo tu. Kijiko cha kwanza alikipokea kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Cha pili alikizungusha mdomoni bila haraka. Cha tatu akafumba macho, mabega yakashuka, na uso mzima ukalainika hata Mtangazaji akasahau kufungua menyu.

"Supu ikoje?" akauliza.

"Una haraka?"

"Sina."

"Basi nikueleze vizuri."

Akamweleza. Vitunguu vimekaangwa taratibu mpaka vikawa rangi ya chai, mifupa imechemka tangu alfajiri, na mpishi ni mtu mwenye subira, ungependa hata kumjua. Karoti ndizo zilizotiwa mwisho, zimekaa pembeni kama wageni wasiojuana harusini. Mtangazaji alicheka, na chini ya meza mkono wake ukawa unaandika katika daftari dogo la jalada jekundu.

Alikuwa fundi wa lifti. Hakuwa na mgahawa wake maalumu. Lifti ilipokwama ndipo alipokula, na kwa kuwa lifti za jiji zilikwama kila kona, alikuwa amekula kila kona. Alijua kwamba nyuma ya kiwanda cha chapa kuna mama anayekaanga samaki wakalia kama majani makavu. Alijua kahawa ya hospitali kuu ni nzuri kuliko ya hoteli ya kitalii iliyo mkabala nayo. Alitoa siri hizo bure, moja baada ya nyingine, kwa furaha ya mtu anayewasifu wanawe. Ijumaa ile Mtangazaji aliisema supu ya jengo la bima pamoja na karoti zake, na msikilizaji mmoja akapiga simu kusema hajawahi kusikia chakula kikielezwa namna ile. Fundi mwenyewe hakusikia, saa za kazi hakuwa na redio.

Ikawa ndiyo desturi yao. Asubuhi simu ya Mtangazaji hulia, naye huipokea kabla mlio haujakamilika.

"Lifti imekwama wapi leo, Fundi?"

"Chuo cha ualimu, mpenzi. Kuna dada pale anapika wali, punje zake hazisalimiani. Njoo saa saba."

"Na wewe umevaa nini? Isiwe ile ovaroli."

"Ndiyo hiyo hiyo. Lakini nimeifua kwa ajili yako."

Miezi mitano ikapita hivyo. Mtangazaji alimpenda, na nisieleweke vibaya, alimpenda kwelikweli. Alipenda jinsi anavyoingia jikoni kumshukuru mpishi. Alipenda vidole vyake vinene vinavyoshika kikombe cha chai kwa upole ule ule vinavyoshika waya. Zaidi ya yote alipenda uso wake mezani, na alipoutazama moyo wake ulijaa. Ila mkono nao haukuacha kuandika. Na kila Fundi alipofungua macho na kuuliza, "Tamu, eh?" yeye alijibu, "Tamu sana."

Jumapili moja Fundi alimwalika kwake. Chumba kilikuwa kimefagiliwa hadi uvunguni, shati jeupe limepigwa pasi, mezani maharage na mkate. Mtangazaji akala, akamtazama Fundi usoni ili ajue aseme nini, lakini safari hii Fundi hakuwa anakula. Alikuwa anamtazama yeye. Akajisemea liwalo na liwe, akasema maharage ni matamu, hajala kama hayo maishani, na akaomba nyongeza. Fundi akaenda kusimama dirishani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia vitunguu.

Jioni ile dada mtu alipiga simu kuuliza kama ameshamwambia.

"Bado."

"Unangoja nini, mdogo wangu?"

"Nikimwambia ataona nimemtumia."

"Kwani hujamtumia?"

Mtangazaji akasingizia kwamba mtandao ni mbaya.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi, kwenye mgahawa wa paani wenye miavuli ya manjano. Mtangazaji alikwenda kunawa mikono, na daftari jekundu, ambalo siku zote lilikaa mapajani, akaliacha kitini. Upepo ukalifungua. Fundi aliliokota ili lisiruke, akaona neno "Fundi" kwenye kila ukurasa, na nani angeona jina lake akaacha kusoma? Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni mambo ya mapenzi. Kisha tabasamu likaisha.

Mtangazaji aliporudi alimkuta analisoma kwa sauti ndogo.

"'Kuku: Fundi ametafuna upande mmoja, ameacha nusu. Nisiwapeleke watu. Samaki: amefumba macho kijiko cha tatu. Nisifu. Keki: ameramba kidole mara mbili. Nisifu sana.'" Akainua uso. "Mimi ni nani humu ndani? Mizani?"

Hapo Mtangazaji akamwambia yote, pua, mafua, daktari, redio, hofu ya kupoteza kazi aliyoipenda tangu ujana wake. Alizungumza haraka, akifinya leso. Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Pole kwa maradhi," akasema, na alimaanisha. "Lakini nilidhani unanitazama vile kwa sababu unanipenda."

"Nilikuwa nakupenda pia."

Lile "pia" lilipomtoka, alitamani alirudishe. Fundi alilaza daftari mezani taratibu.

"Yale maharage yaliungua," akasema. "Nilijua yameungua. Nilichelewa kuyaepua kwa sababu nilikuwa nahangaika na pasi. Uliposema matamu, ukaomba na nyongeza, nikasimama pale dirishani nikasema moyoni, huyu ndiye mke wangu. Mtu anayekula masizi yangu na kuyasifu ili nisiaibike. Kumbe hukujua hata kama yameungua."

Akaita mhudumu, akashukuru kwa chakula, akashuka kwa ngazi. Fundi wa lifti, akashuka ghorofa kumi na moja kwa ngazi.

Juma zima hakupokea simu. Mtangazaji alipitia majengo yote aliyoyajua, akiangalia kibao cha "Lifti mbovu" kama mtu anayetafuta barua yake. Hakumwona. Kilichomuuma si kwamba Ijumaa hana la kusema. Kilichomuuma ni kwamba alikula peke yake kila siku, na kila alipoinua macho kutoka kwenye sahani hakukuwa na uso wa kutazama. Hapo ndipo alipoelewa kuwa hata kama pua ingerudi kesho, angetaka kuutazama uso ule vilevile.

Ijumaa alisimama mbele ya maikrofoni akasema ukweli. Alisema amepoteza pua kwa miezi minane, kwamba sifa zote walizozisikia zilitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa, na kwamba anamwomba radhi mtu huyo kabla ya kuwaomba wao. Mkuu wa vipindi alimngoja nje ya studio. Mtangazaji akajiandaa kufukuzwa. Mkuu akamwambia simu zinaita bila kukoma, nusu wamekasirika na nusu wanalia, na Ijumaa ijayo aje kama kawaida ila uongo usirudiwe. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini haikumfurahisha. Simu moja aliyoitaka haikuwemo.

Iliita Jumapili asubuhi.

"Lifti imekwama," sauti ikasema.

Mtangazaji alikaa kitandani. "Wapi?"

"Soko la vitambaa, ghorofa ya pili. Njoo na njaa."

Alifika na lile gauni la zambarau la siku ya kwanza. Fundi alikuwa kwenye meza ya kona, shati jeupe, na puani, pande zote mbili, alikuwa na alama nyekundu kama za miwani iliyobana. Kabla Mtangazaji hajauliza, mhudumu alipita na birika akicheka.

"Leo umekuja bila kibanio, mzee?"

Mtangazaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kibanio gani?"

"Cha nguo," Fundi alisema, akitazama meza. "Nimekula na kibanio puani tangu Jumapili iliyopita. Sehemu kumi na sita. Pale chuo cha ualimu walidhani nimerogwa. Nilitaka kujua kwako kukoje."

"Kukoje?"

"Kubaya. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Nyama kama kitambaa, chai kama maji ya moto. Nikajiuliza ulivumilia vipi miezi yote hiyo peke yako, na bado ukanichekea. Hasira zikaniisha hapo hapo kwenye chai."

"Kwa hiyo hukunisikia Ijumaa? Redioni?"

"Ijumaa nilikuwa ndani ya shimo la lifti. Ulisema nini?"

Mtangazaji alikuwa ameyajaribu maneno yale usiku na mchana, na kumbe mtu huyu alikuwa amemsamehe bila kuyasikia.

"Nitakuambia," akasema. "Endelea kwanza."

Fundi akatoa karatasi iliyokunjwa, imejaa mwandiko wake mkubwa. Yalikuwa majina ya sehemu sita, kati ya zile kumi na sita, ambako mtu asiye na pua anaweza kula akafurahi. Wa kwanza ulikuwa mgahawa huu. Sahani ikaletwa, vipande vya samaki vyenye ganda jembamba la dhahabu, matango yaliyotoka kwenye barafu, ndimu, chumvi ya mawe na pilipili mbichi iliyopondwa.

Mtangazaji akauma. Ganda lilivunjika, akalisikia hadi masikioni. Nyama ndani ilikuwa moto, tango likaja baridi, ndimu ikambana taya, pilipili ikapanda taratibu hadi machoni. Akachukua kingine. Akachukua cha tatu. Alipozinduka sahani ilikuwa nusu, machozi yanamtiririka, ya pilipili na yasiyo ya pilipili, na Fundi hakuwa amegusa kitu. Alikuwa ameinama juu ya daftari, jipya, la jalada la kijani, akiandika.

"Umeandika nini?"

"Kazi yangu hiyo. Wewe kula."

Akamnyang'anya. Mwandiko mkubwa ulisema: "Kipande cha kwanza alinitazama mimi. Cha pili alinitazama mimi. Cha tatu akaitazama sahani yake mwenyewe."

Alisoma mara mbili, akafuta mashavu kwa nyuma ya kiganja, akalirudisha daftari upande wa Fundi.

"Siku ile ya maharage," akasema, "ulisema nini pale dirishani?"

"Unajua nilichosema."

"Ulisema moyoni. Mimi sikuwepo humo."

Fundi alilaza kalamu. Mhudumu na birika lake walikuwa wamesimama karibu mno, wala hawakujifanya wana shughuli.

"Nilisema, huyu ndiye mke wangu."

"Basi kesho nipikie tena," Mtangazaji akasema, "na yakiungua, uniambie."